Halfani Alivyozipaka Taa Rangi ya Geti

Pale Miyuji, pembeni mwa Dodoma, lami inapokwisha na vumbi likapokea zamu, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Ubao wenyewe ulitoka kwenye zege la ghorofa fulani na bado una simenti ukingoni, kwa hiyo mgeni akikaa bila kuangalia huondoka na alama ya kijivu kwenye suruali. Wenyeji wanauita Kamati ya Kudumu, na kweli wanadumu: jua likipoa tu wapo, na hawanyanyuki mpaka dada Paskazia, muuza kahawa, akung'ute tone la mwisho la birika lake. Hapo ndipo huamuliwa nani alistahili penalti, mvua itaanza lini, na kwa nini zabibu za mwaka huu zimekuwa chachu. Wajumbe hawajawahi kukosa jibu hata siku moja. Kupatia ndiyo shughuli nyingine.

Ijumaa hiyo Halfani aliegesha kagari kake ka bluu, IST, mgongo ukiwa umeelekea benchi. Alifanya makusudi. Asubuhi, uani kwake, alikuwa amezipulizia rangi nyeusi taa zote mbili za nyuma, na sasa alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia zimependeza. Halfani ni fundi wa mapazia, mtu wa vipimo na pasi, si mtu wa mbwembwe. Lakini kesho yake mdogo wake Nasra alikuwa anaolewa, nikaha ikifungwa Kondoa kwa bibi yao, na yeye ndiye aliyepewa kuongoza msafara. Marehemu baba yao angekuwepo, angetangulia yeye. Halfani alitaka gari la mbele lionekane gari la mbele.

— Hoja! — akapaza sauti Erick kabla hata mlango wa gari haujafungwa. Erick hufanya usafi kwenye kumbi za mikutano za Bunge, na maneno ya humo huja naye nyumbani kama vumbi la viatu. Ndiyo maana anaitwa Hoja. — Naomba mwongozo. Hilo ni gari la Halfani au la kiongozi?

— La Halfani, — akajibu Halfani, akijizuia asicheke kwa raha.

— Mwanangu, umetisha! — akasema Erick. — Oya Injinia, njoo uone kazi yako!

Injinia alikuwa ameshaona. Jina lake hasa ni Ulimboka, ametoka Tukuyu miaka mingi, anachomelea mageti ng'ambo ya barabara, na kopo la rangi lilikuwa lake. Akapiga magoti nyuma ya gari, akagonga taa kwa ukucha, akasikiliza mlio wake.

— Tabaka ngapi?

— Tatu. Si ulisema tatu?

— Tatu ndiyo sheria. Geti langu likipata tatu halioni kutu mpaka wajukuu.

— Ila hii siyo geti, — akasema dada Paskazia, akimimina kahawa bila kuinua macho.

— Dada Paskazia, kitu kikishakuwa mlangoni mwa gari, mbele au nyuma, kisayansi ni geti.

Wakacheka wote, na Halfani naye, ila kicheko chake kilikuwa kifupi. Tangu asubuhi kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alipokuwa akipuliza, upepo wa Dodoma uling'oa magazeti aliyobandika ukapeleka nusu ya rangi kwa kuku wa jirani, na kuku yule mweupe sasa alikuwa na ubavu mmoja mweusi. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba rangi ilipokauka aliwasha taa, akazunguka nyuma kuangalia, akaona weusi. Akasema ni jua. Akanywa chai, akarudi, akaona weusi uleule. Hapo akaacha kuangalia.

— Hebu tuzijaribu, — akasema Injinia. — Ingia, kanyaga breki.

Halfani akaingia.

— Kanyaga!

— Nimekanyaga.

— Kanyaga basi, kaka!

— Nimekanyaga mpaka mwisho!

— Sasa achia.

— Nimeachia.

— Aah! — Injinia akapiga makofi. — Umeona, Hoja? Kuna tofauti!

— Kubwa, — akasema Erick. — Ila sijajua ipi ndiyo ipi.

Paskazia akaweka birika chini. Ni mwanamke mpole mpaka asikie upuuzi, na kwa mahali anapofanyia biashara, upole wake huchoka mapema.

— Halfani, ndugu yangu, wewe mtu wa mapazia umezitundikia taa pazia. Haziwaki hizo.

— Zinawaka, dada, — Halfani akajibu akitoka garini. — Zinawaka kwa ndani.

— Na anayefuata nyuma atakuwa ndani?

Halfani akachukua kikombe chake, akapuliza kahawa ambayo haikuwa moto sana. Hakuna aliyejua kuliko yeye nani atakayefuata nyuma. Msafara ulikuwa uondoke mara baada ya swala ya alfajiri, giza lingalipo. Nyuma yake ingekuja Noah, gari pana la kubebea familia, ya baba mkubwa Yahaya wa Nzuguni, aliyewalea wao wawili tangu baba yao afariki, na ndani ya Noah hiyo angekaa Nasra. Kondoa ni kwao mzee, anaijua kama kiganja chake, ila huenda kwa basi. Barabara mpya za upande wa Msalato zimemshinda. Mara ya mwisho alipojaribu kuendesha mwenyewe aliingia mzunguko mmoja wa barabara, akatokea mwingine, akaishia kwenye geti la uwanja mpya wa ndege. Walinzi wakamuuliza anasafiri kwenda wapi. Akawajibu kwa heshima zote: Kondoa. Kwa hiyo safari hii alishasema neno moja tu na kulifunga: "Halfani, mimi nitafuata taa zako."

Halfani akawasimulia hayo wajumbe, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za watu wengine.

— Basi hakuna tatizo, — akasema Injinia. — Dada Paskazia, nipe mpira wako wa kumwagilia.

— Sina mpira.

— Jaalia unao. Maji yanatoka, yanaanguka hapa miguuni. Sasa ziba mdomo wa mpira kwa kidole. Yanafanyaje?

— Yananilowesha.

— Yanaruka mbali! Ndiyo taa ya Halfani hiyo. Mwanga umezibwa, kwa hiyo umepata presha. Hapa karibu hatuuoni, lakini mtu akiwa kule Msalato unampiga machoni.

Erick akaenda hatua kadhaa barabarani, akageuka, akakunja uso kuelekea gari.

— Sijapigwa bado, — akatangaza.

— Nenda mbele zaidi.

— Kahawa yangu itapoa.

Akarudi, akaketi upande usio na simenti, akajipanguza.

— Wajumbe, tusipoteze muda kwenye ufundi wakati jambo lenyewe ni la kiutawala. Mimi kila siku naona magari yanaingia pale kazini. Gari la karani ni jeupe, linawaka kila mahali kama duka la sikukuu. Anayemzidi, vioo vyeusi. Anayemzidi huyo, vioo vyeusi na rimu nyeusi. Ukiona gari limekuwa jeusi mpaka huoni linaanzia wapi, simama wima. Sasa Halfani amefika mpaka taa. Amebakiza nini hapo? Trafiki akimuona kesho atapiga saluti.

— Na akimsimamisha? — akauliza Paskazia.

— Hawezi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Taa inayowaka ovyo ndiyo kibaya kinachojitembeza. Hii imetulia.

— Wahenga wangekusikia wangekudai methali yao.

— Na mgema akisifiwa, — akadakia Injinia, — tembo hulitia maji! Maana yake kitu kikiwa kizuri, kiongeze kidogo. Mimi ningepiga tabaka la nne.

Halfani akaguna. Alikuwa ametarajia kwamba wakimtetea atapata nafuu, na walikuwa wanamtetea kwa moyo wote, na kila wakimtetea ndivyo alivyozidi kuziangalia zile taa. Alikumbuka jana jioni Nasra akipakwa hina mikononi, vidole ameviacha wazi mbele yake kama mtoto anayeogopa kugusa rangi mbichi. Nasra alikuwa amemwambia: "Kaka, kesho usikimbie. Mimi nitakuwa naangalia mbele muda wote, nikuone." Naye akamjibu ataona gari ambalo hajawahi kuliona. Sasa maneno hayo yalimrudia, akaona aibu peke yake, kikombe mkononi.

— Injinia, — akasema. — Ile tina unayofutia rangi kwenye vyuma ipo?

— Tina? Kwenye plastiki? — Injinia akaruka. — Itazila hizo taa mpaka zifanane na sabuni iliyolala majini. Labda msasa, tena wa maji, tena taratibu, kazi ya kukesha. Wa nini lakini? Kazi nzuri hivi!

— Mficha maradhi, — akasema Paskazia, — kifo humuumbua.

— Hiyo ni ya wagonjwa, dada, — Erick akamkatiza. — Haihusu vyombo vya moto. Halafu tukumbushane, wajumbe: mimi na Injinia tumeahidiwa siti za nyuma kwenye gari hili. Gari likiahirishwa, pilau nayo imeahirishwa. Siungi mkono.

— Wala mimi, — akasema Injinia.

— Bibi harusi akipotelea mizungukoni kule, — Paskazia akasema, — hiyo nikaha mtaifunga na sufuria la pilau?

Jua lilikuwa limeshagusa vilima, na kivuli cha gari kikafika kwenye miguu ya benchi. Injinia akachungulia zile taa upya. Ile hoja yake ya presha ilikuwa inamtoroka dakika kwa dakika, akaona afadhali atafute nyingine.

— Tulieni. Tatizo lenu mnazipima mchana. Nani hapa alifaulu hesabu?

— Mimi nilifika mpaka pai, — akasema Erick.

— Hasi mara hasi?

— Chanya.

— Haya. Rangi nyeusi, hasi. Giza la alfajiri, hasi. Zikikutana?

Erick akasimama taratibu, mkono kifuani.

— Chanya!

— Zinawaka zenyewe! Tena betri haitumiki.

— Injinia, wewe unapoteza maisha yako kwenye mageti. Ngoja nikuongezee. Na kama hazitawaka, Mungu apishe mbali, mzee hana shida. Alfajiri mbele yake kutakuwa na giza la kawaida. Sawa? Halafu katikati ya giza la kawaida kutakuwa na vipande viwili vya giza zito zaidi, kimoja kulia, kimoja kushoto. Avifuate hivyo! Watu wote wanafuata mwanga, ndiyo maana wanagongana. Msafara wetu utafuata giza.

— Giza la Halfani! — akashangilia Injinia.

— Hatapotea hata akitaka!

Walikuwa wanagongesha vikombe vyao wakati Noah ya kijivu ilipojikongoja kutoka barabara kuu na kusimama nyuma ya IST, upana wa gari moja kati yao. Akashuka mzee mwembamba mwenye kofia safi ya Ijumaa, funguo zimening'inia kidoleni.

— Shikamoo baba mkubwa! — Halfani akainuka haraka mpaka kahawa ikamwagikia mkono.

— Marahaba mwanangu. Hamjambo hapa?

— Shikamoo mzee! — benchi zima likaitikia.

— Marahaba, marahaba. Kaeni. — Mzee Yahaya akakataa kikombe kwa mkono, kwa adabu. — Sikai. Nimekuja na wazo. Kabla ya maghribi haijaingia, tufanye mazoezi. Wewe tangulia mpaka Msalato, nami nikufuate, tupite ile mizunguko yote, turudi. Nikishaipita mara moja nyuma yako, kesho moyo utatulia.

Halfani akawaangalia wajumbe. Erick alikuwa amegundua jambo la kuvutia sana kwenye kidole chake cha mguu. Injinia alikuwa anachunguza vilima.

— Sawa, baba mkubwa, — akasema.

Akaingia kwenye gari. Mzee naye akapanda lake, akafunga mkanda, akashika usukani kwa mikono miwili. Halfani akawasha injini, akawasha taa, na kwenye kioo akamwona mzee anangoja. Akakanyaga breki, akaachia. Akakanyaga tena. Mzee aliendelea kungoja, shingo ameinyoosha mbele, kwa subira ya mtu anayeamini kwamba mwenzake hajawa tayari. Halfani aliuona uso ule wote, matumaini yake yote, akatamani kagari kake kazame kwenye vumbi.

Mlango wa Noah ukafunguliwa. Mzee akaja taratibu, akasimama nyuma ya IST, akainama. Akagusa taa moja kwa kidole, akakiangalia kidole. Halafu akaja mpaka dirishani.

— Halfani, mwanangu, — akauliza, wala hakuwa na hasira. — Kesho mimi nifuate nini?

Presha ya mpira wa maji ilikuwepo palepale na hasi mara hasi ilikuwepo, ila hazikuinuka. Erick, ambaye kwa miaka yote ya Kamati hajawahi kukosa hoja, alifungua mdomo, akaufunga. Paskazia akainamisha birika juu ya kikombe cha Injinia. Likatoa matone mawili ya machicha.

— Nilizipaka rangi, baba mkubwa, — Halfani akasema mwishowe. Alishuka, akasimama mbele ya mzee kama alivyokuwa akisimama zamani akivunja kitu. — Nilijua tangu asubuhi haziwaki. Nilitaka tu msafara wa Nasra upendeze. Baba hayupo, nikataka watu wa Kondoa wakituona wajue ametolewa kwao kwa heshima. Nimeharibu. Nisamehe.

Mzee Yahaya aliitazama IST, akamtazama Halfani, kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika paa la gari.

— Wewe unajua jana sikulala? — akasema akifuta macho. — Nimekesha naizunguka ile mizunguko kitandani. Mama yako mkubwa akaniambia, mwachie Halfani aendeshe. Nikamwambia mimi ndiye mkubwa, nitamwombaje mtoto aniendeshe? Kumbe Mungu alishakupa kopo la rangi.

Akaunyosha mkono wenye funguo.

— Shika. Kesho Noah inatangulia, unaendesha wewe. Mimi nitakaa nyuma na mwanangu Nasra, nimshike mkono. Na yeye si anataka akuone? Atakuona kisogo chako mpaka Kondoa.

Halfani akazipokea zile funguo kwa mikono miwili. Hicho ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo, kumpeleka mdogo wake mwenyewe, na asingethubutu kukiomba kwa mzee aliyewalea.

— Na hili? — akauliza Erick kwa sauti ndogo, akiionyesha IST.

— Hilo libaki hapa, — akasema mzee. — Lisiingie barabarani mpaka taa zionekane.

— Samahani mzee... na sisi? Tuliahidiwa siti. Noah haina nafasi?

— Noah ina bibi harusi, shangazi wanne na masufuria.

Erick na Injinia wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza jioni hiyo kuonekana wanaelewa uzito wa jambo.

— Msiwe na wasiwasi, — Paskazia akawaambia, akifunika jiko lake. — Nyinyi si mmegundua namna ya kufuata giza? Lifuateni. Pilau mtaikuta.

Injinia hakujibu. Alivuka barabara akiwa karibu kukimbia, akarudi na msasa, ndoo ya maji na tambara, akamsukumia Erick kipande.

— Shika ile ya kulia. Taratibu, duara dogodogo.

— Mpaka lini?

— Mpaka nyekundu, ndugu mjumbe!

Wakapiga magoti, kila mmoja kwenye taa yake, wakaanza kusugua. Halfani alikuwa ameshapanda Noah, mzee kando yake, wakaipitie mizunguko kabla ya adhana. Akaipita IST, akasogea mpaka pale lami inapoanzia, akakanyaga breki kupisha bodaboda. Noah ilikuwa gari zee, limebonyea mlango, halijawahi kupakwa chochote zaidi ya vumbi. Taa zake mbili zikawaka nyekundu, zikaangaza benchi, ndoo, na nyuso mbili zilizoinuka pamoja kuangalia, misasa imesimama mikononi.

— Haya, — akasema dada Paskazia, akikung'uta birika tupu. — Hiyo ndiyo inaitwa taa. Sugueni.